Je, Wajua? Risasi Zinazojazwa kwa Mkono

Je, wajua kwamba watumiaji wa kwanza wa bastola ya silinda walijipakia wenyewe kila risasi? Samuel Colt wa Marekani alipopata hataza yake mwaka 1836, hakukuwa na risasi kamili ya kununua dukani. Mtu alimimina baruti nyeusi katika kila tundu la silinda, akashindilia kipande cha risasi juu yake, kisha akabandika nyuma fataki ya kuiwasha. Silinda ikiisha, anaanza upya.

Bastola ya Colt Walker ya mwaka 1847 ilipita kilo 2 kabla hata ya kupakiwa. Kila tundu lilimeza greini 60 za baruti, karibu gramu 4, na chuma cha enzi zile hakikuhimili shinikizo hilo sikuzote. Silinda kadhaa zilipasuka mikononi mwa wenyewe.

Hadi leo wajazaji, yaani watu wanaojaza risasi zao wenyewe, hupima baruti kwa greini. Gramu moja ni greini 15.4, na mizani ya mezani husoma sehemu ya kumi ya greini, yaani takriban miligramu 6.5.

Je, wajua kwamba katika risasi iliyokwisha kupigwa, ganda ndilo linaloweza kutumika tena? Ni shaba ya njano, asilimia 70 shaba nyekundu na asilimia 30 zinki. Baruti ikiwaka ganda hutanuka na kuziba tundu la silinda lisivujishe gesi, kisha hunywea kidogo na kutoka. Mjazaji hulisukuma ndani ya kalibu lirudie kipimo, hutoa fataki kuukuu, huweka mpya, humimina baruti na kukaza kichwa cha risasi mdomoni. Kila mzunguko huifanya shaba iwe ngumu zaidi, mpaka siku mdomo unapochanika. Ganda hilo hutupwa, hata kama ufa ni mwembamba kama unywele.

Kuna mifumo miwili mikuu ya fataki. Wa Boxer ulibuniwa na Mwingereza Edward Boxer, lakini ndio ulioshika Marekani. Wa Berdan ulibuniwa na Mmarekani Hiram Berdan, nao ukaenea Ulaya. Ganda la Boxer lina kitundu kimoja katikati, hivyo sindano moja hung'oa fataki kwa urahisi. La Berdan kwa kawaida lina vitundu viwili pembeni, na ni usumbufu mtupu kulijaza tena. Naamini tofauti hiyo ndogo ilichangia sana kuifanya Marekani kuwa nyumbani kwa kazi hii.

Je, wajua kwamba risasi ya .44 Magnum ilizaliwa kutokana na ukaidi wa wajazaji, kinara wao akiwa Elmer Keith? Keith, aliyezaliwa mwaka 1899, alikuwa mfugaji na kiongozi wa wawindaji huko Idaho. Mwaka 1925 bastola yake ya .45 ilipasuka mkononi kwa risasi alizozijaza mwenyewe. Nusu ya juu ya silinda iliruka pamoja na upau wa fremu ulio juu yake. Keith hakuacha kazi hiyo. Alihamia risasi ya .44 Special, kwa hoja ya kifundi isiyopingika: tundu likiwa dogo kidogo katika silinda ya ukubwa uleule, ukuta wa chuma unabaki mnene zaidi. Alichora kichwa chake cha risasi chenye ncha bapa, na kwa takriban miaka 30 aliandika magazetini akitaka viwanda vitengeneze risasi yenye nguvu zaidi.

Smith & Wesson na Remington walikubali, na mwishoni mwa mwaka 1955 .44 Magnum ikatangazwa. Ganda lake lilirefushwa kwa thumuni ya inchi, kama milimita 3, makusudi lisiingie katika bastola za .44 Special zisizoweza kuihimili. Milimita hizo tatu zimeokoa mikono mingi. Na ajabu nyingine: kichwa cha hiyo “.44” kina kipenyo cha inchi .429 tu.

Filamu ya Dirty Harry ya mwaka 1971 ilimpa mwigizaji Clint Eastwood bastola ya .44 Magnum, na wanunuzi wakaigombania madukani.

Mjazaji mwingine, Dick Casull, naye alianza majaribio ya risasi ya .454 miaka ya 1950. Akapunguza matundu ya silinda kutoka sita hadi matano ili kuta zinenepe. Smith & Wesson walipotoa .500 mwaka 2003, nayo ilibeba risasi tano.

Je, wajua shinikizo ndani ya silinda liko kiasi gani? Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa psi (pauni kwa inchi ya mraba) 32 hivi. Kiwango cha juu cha .45 Colt ya mwaka 1873 ni psi 14,000. Cha .44 Magnum ni psi 36,000.

Hatari kubwa kuliko zote haina kelele. Maganda marefu kama la .45 Colt yalibuniwa kwa baruti nyeusi, inayojaza nafasi yote. Baruti ya kisasa isiyo na moshi huchukua nafasi ndogo, kwa hiyo kipimo kinaweza kumiminwa mara mbili ndani ya ganda moja bila kufurika. Ndiyo maana mjazaji makini hupanga maganda yote wima kwenye kibao na kumulika kila moja kwa tochi kabla ya kufunika. Kosa la kinyume nalo ni baya: ganda likikosa baruti, fataki peke yake hukisukuma kichwa kikakwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata hukuta njia imezibwa.

Bastola kubwa ina tatizo lake la pekee. Ikipiga teke, maganda yanayosubiri zamu hurudi nyuma nayo, lakini vichwa hubaki mbele kwa uzito wake. Mdomo wa ganda usipobanwa sawasawa, kichwa huchomoza nje ya silinda, nayo hugoma kuzunguka.

Vumbi la madini ya risasi na mabaki ya fataki ni sumu, hasa kwa watoto. Wajazaji hawali wala kuvuta sigara mezani, na hunawa mikono kwa sabuni wanapomaliza.

Yote haya ni halali Marekani kwa matumizi binafsi. Kwetu si hivyo: Tanzania na Kenya, kutengeneza risasi bila leseni ni kosa la jinai. Ukikuta risasi kuukuu kwenye sanduku la marehemu babu, usizifungue wala kuzigongagonga. Ziache palepale, wazuie watoto, upige simu kituo cha polisi.