Mati au satini? Neno moja lililoharibu kapo

Kiangazi kilichopita, hapa Lubumbashi, mjomba wangu alimwachia kijana mmoja gari lake alioshe. Gari lilikuwa jeusi, rangi ya mati. Alimwambia neno moja tu: "Ling'arishe." Kijana akatii. Akasugua kapo kwa nta mpaka ikatoka mabaka ya kung'aa, na mabaka hayo hayakufutika. Ilibidi kapo nzima ipakwe upya. Nani alikosa? Jibu moja liko kwenye rangi, lingine kwenye lugha.

Tuanze na rangi. Katika magari mengi ya leo kinachong'aa si rangi yenyewe, bali verni inayopakwa juu yake. Verni ikiwa laini kabisa, mwanga huirudia kama kioo, na mtu huona sura yake. Verni ya mati huwa na chembe ndogo sana, mara nyingi za silika, zinazoufanya uso wake uwe na mikwaruzo na vivimbe visivyoonekana kwa macho. Mwanga ukigonga hapo hutawanyika. Satini iko katikati: inang'aa kidogo, kwa upole.

Sasa kosa la kapo linaeleweka. Kusugua ni kusawazisha vile vivimbe. Kwenye verni ya kawaida, mchubuko mdogo huondolewa kwa njia hiyo hiyo. Kwenye mati, na hata satini, kusugua huacha baka. Kwa hiyo zote mbili zioshwe kwa mkono, kwa sabuni isiyo kali na kitambaa laini, bila nta ya kung'arisha. Kinyesi cha ndege kiondolewe mapema.

Upande wa lugha, Kiswahili kina vitenzi tele vya mwanga: kung'aa, kumeremeta, kumetameta. Lakini kukosa mng'ao tunakutaja kwa lawama: kufifia, kupauka, kuchujuka. Tena, kung'arisha kunabeba maana mbili, kusafisha na kutia mng'ao. Mjomba alikusudia ya kwanza, kijana akasikia ya pili. Wote wawili walijua Kiswahili.

Basi tuchague vipi? Ikiwa gari lako linaoshwa na kila mtu, tena katika vumbi letu la kiangazi, baki na verni ya kung'aa: inasamehe. Ikiwa unaosha mwenyewe na hupendi mng'ao mkali, chukua satini. Mati ni ya mwenye subira na fedha ya kupaka bati zima kila linapochubuka. Anayetaka kujaribu tu abandike filamu ya mati, ambayo huweza kubanduliwa baadaye.

Na kwa fundi, tusiseme "rangi iliyopauka". Tuseme "isiyong'aa" kwa mati, na kwa satini "ya atlasi", jina la kitambaa ambalo Kiswahili kililipata kutoka Kiarabu. Kwa muoshaji, tuseme "lisafishe". Mjomba sasa anasema hivyo, na huongeza: "Usisugue."