Uzamili wa Mifumo ya Taarifa za Biashara: Uliza Kabla ya Kulipa Karo

Mkazi wa Makongeni hana haja ya kuhamia Nairobi kutafuta shahada ya uzamili. Chuo Kikuu cha Mount Kenya kiko Thika, nacho cha Jomo Kenyatta kiko Juja.

Mifumo ya taarifa za biashara si somo la wataalamu wa kompyuta pekee. Mwanafunzi hujifunza kuunganisha rekodi za mauzo, bohari na malipo ya M-Pesa ili meneja aamue kwa hesabu, si kwa kukisia. Kulinda data ya wateja, kama inavyotaka sheria ya 2019, pia kumo.

Vyuo huipa kozi hii majina tofauti, basi soma orodha ya masomo kwanza. Muhimu zaidi, hakikisha kuwa kozi yenyewe, si chuo tu, imeidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu.