Noeli Katika Kihamba

Katika nchi ya Wachaga, mlimani Kilimanjaro, sikukuu ya Noeli ni siku ya kurudi nyumbani. Lakini mwanzo haikuwa hivyo. Wamisionari wa Leipzig walipofika Machame, mwaka 1893, hapakuwa na haja ya kusafiri; watu wa ukoo mmoja walikaa pamoja katika vihamba vyao, yaani mashamba ya migomba waliyoachiwa na baba zao.

Mwaka 1911 reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi, na vijana wakapata njia ya kwenda mbali kutafuta kazi. Basi, Noeli ikawa siku ya kuonana. Leo wengi huja kwa mabasi na motokaa kutoka Dar es Salaam. Mavazi yamebadilika, vyakula vimeongezeka, na wajukuu wengine hawajui tena lugha ya bibi yao.

Lakini liko jambo zito kuliko karamu. Ndugu waliogombania mpaka wa kihamba watakutana siku hiyo. Kwa desturi ya Wachaga, mwenye kosa huchukua jani la isale, akampelekea yule aliyekosewa. Naye akilipokea, ni vigumu kukataa kusamehe. Desturi hii ilikuwapo kabla ya Noeli kuja, wala haikutupwa.

Basi, mtoto, ukiona mbuzi amechinjwa na nyumba imejaa wageni, uliza: Je, ndugu wote wamo? Kama mmoja hayumo kwa sababu ya ugomvi, sikukuu haijatimia.