Mahakama Ikiitisha Rekodi za Ofisi ya Mwakilishi Wadi

Mkazi wa Kileleshwa anayepinga ujenzi wa jumba la ghorofa mahakamani huenda akahitaji barua au kumbukumbu za mkutano zilizo katika ofisi ya mwakilishi wadi (MCA). Je, mwakilishi anaweza kukataa tu kuzitoa?

La. Kanuni za Utaratibu wa Kesi za Madai za 2010 zinairuhusu mahakama kumwita mtu yeyote awasilishe hati. Si lazima afike mwenyewe. Hati ikifikishwa mahakamani, wito umetimizwa. Akiona ombi limepita kiasi, huiomba mahakama ilipunguze au iliondoe. Akipuuza wito bila sababu, anaweza kutozwa faini au kukamatwa.

Rekodi za Bunge la Kaunti ni suala jingine. Hizo hutunzwa na Karani wa Bunge, kwa hivyo wito huelekezwa kwake. Aidha, sheria ya 2017 kuhusu mamlaka na kinga za mabunge ya kaunti inalinda uhuru wa wawakilishi kuzungumza bungeni.

Mara nyingi si lazima kusubiri kesi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Andika ombi kwa Kiswahili au Kiingereza. Ombi halilipiwi, utalipia gharama ya nakala pekee. Jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21. Ukikataliwa, una siku 30 kuwasilisha malalamishi kwa Tume ya Haki ya Utawala.