Barua ya COBRA: usiitupe, na usikimbilie kuilipa

Wengi kati yetu tumeisha kupata kwa WhatsApp picha ya barua ya Kiingereza kutoka kwa baba mdogo ao shangazi aliyeko Marekani, na chini yake maneno haya: "Wewe ulisoma, nielezee hii inasema nini."

Moja ya barua hizo inakuja wakati mtu amepoteza kazi. Iko na kurasa mingi, iko na hesabu kubwa ya dola, na fasi ya kusinya. Wengine wanaiona sawa fakture, wanaitupa. Wengine wanaogopa, wanafikiri ni deni. Si deni. Ni haki, lakini haki yenye siku zake zinahesabiwa. Mwenye kuisoma vibaya anaweza kuacha familia nzima bila matunzo.

Tuanzie kwetu, juu njo tunapajua. Sheria ya Kazi ya Kongo, ya tarehe 16 Oktoba 2002, inamlazimisha patron kumtunza mfanyakazi na familia yake wakigonjwa: daktari, dawa, hospitali. Lakini inasema wazi: mpaka mwisho wa kontra. Mradi ukifungwa leo, kesho unajilipia mwenyewe. Hakuna karatasi ya kujaza ili uendelee.

Marekani pia, bima ya watu wengi inatoka kwa kazi. Tofauti ni kwamba kule kuna sheria ya tangu 1986, wanaiita COBRA. Inamruhusu mtu aliyetoka kazini, ao aliyepunguziwa saa za kazi mpaka akapoteza bima, kubaki ndani ya bima ile ile ya kampuni kwa miezi 18. Inahusu kampuni zenye wafanyakazi 20 ao zaidi. Hata aliyeacha kazi kwa mapenzi yake iko na haki hiyo. Anayeweza kunyimwa ni yule aliyefukuzwa kwa kosa zito sana.

Sasa, kwa nini pesa ni mingi vile? Wakati wa kazi, patron alikuwa analipa sehemu kubwa. Tuseme bima inagharimu dola 600 kwa mwezi, na mfanyakazi alikuwa anakatwa 150 tu. Kwa COBRA wanaweza kumlipisha mpaka asilimia 102, ni kusema 612. Bima haikupanda bei. Ni mkono wa patron njo umetoka.

Sasa karatasi na siku zake. Shika hizi nne.

Ya kwanza, barua yenyewe. Patron iko na siku 30 za kumjulisha anayesimamia bima, na huyo iko na siku 14 za kutuma barua. Kwa hiyo inaweza kuchelewa zaidi ya mwezi, na mara mingi inapita kwa posta. Familia zetu zinahama sana, leo Texas, kesho Iowa kwa sababu kuna kazi. Anayehama aandikie kampuni adrese mpya, na abaki na kopi. Barua iliyoenda kwa nyumba ya zamani inaweza kuhesabiwa kwamba imetumwa.

Ya pili, fomu ya kuchagua. Kuna siku 60 za kuijaza. Zinahesabiwa tangu siku barua ilitolewa ao tangu siku bima ilikatika: unachukua ile yenye iko nyuma zaidi. Wengi hawajui kwamba kila mtu aliyekuwa ndani ya bima iko na haki yake. Baba anaweza kukataa, na mama mwenye mimba akachagua peke yake. Mzazi anaweza kuchagulia watoto. Kwa hiyo soma majina yote, na tarehe za kuzaliwa, kama zinafanana na karatasi zao.

Ya tatu, alama ya kutuma. Fomu ikipita kwa posta, siku iliyotumwa njo inahesabiwa, si siku iliyofika. Lakini utaionyesha na nini? Waambie watume barua yenye risiti, na wapige picha kila ukurasa mbele ya kufunga bahasha.

Ya ine, malipo. Tangu siku ya kuchagua, kuna siku 45 za kulipa mara ya kwanza. Bima inarudi nyuma mpaka siku ilikatika, kwa hiyo na miezi iliyopita inalipwa. Kisha hapo, kila mwezi uko na siku 30 za kuvumiliwa. Zikipita, bima inaweza kufungwa.

Kuna hali ingine yenye hakuna patron wa kuripoti. Wanandoa wakipeana talaka, ao mtoto akitimiza miaka 26 na kutoka kwa bima ya wazazi, ni familia yenyewe inapashwa kujulisha bima. Kwa kawaida wanapewa siku 60, na wanaweza kuombwa karatasi ya talaka. Hapo haki inaweza kufika miezi 36. Wakikaa kimya, inapotea.

Lakini mbele ya kusinya, waulize swali moja: pesa iko? Mtu asiye na mshahara, dola 612 atazitoa wapi? Kuna Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Maombi yake yanapokelewa wakati wowote, ila kanuni zinatofautiana kufuata jimbo na karatasi za uhamiaji. Kuna pia soko la bima la serikali: aliyepoteza bima ya kazi iko na siku 60 za kuingia. Angalisho: akichukua COBRA kisha aiache mwenyewe katikati, soko hilo linaweza kumfungia mlango mpaka kipindi cha kujiandikisha kwa wote.

Na sisi tuliobaki huku kwenye kontra fupi fupi? Hatuna COBRA, lakini tuko na karatasi ya kudai. Kontra ikiisha, patron anapashwa kukupa cheti ndani ya siku mbili za kazi, chenye aina ya kazi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba yako ya usalama wa jamii. Na matunzo yenye unahitaji, yafanye kontra ikingali hai: miwani, operesheni iliyokwisha kuandikwa na daktari, dawa za mtoto.

Basi picha ya barua ikifika kwa simu yako, usianze na kutafsiri bei. Jibu kwanza hivi: "Shangazi, juu ya barua wameandika tarehe gani?"