Deni la askari wa c4

Mwaka 1929 waandaaji wa mashindano ya sataranji mjini Barcelona walimwomba Savielly Tartakower abuni ufunguzi wa kuwaenzi wenyeji. Ndipo lilipopatikana jina la Katalani. Ubingwa aliutwaa Capablanca. Tartakower alimaliza wa pili, akaambulia heshima ya ubatizo, ambayo imedumu kuliko kombe.

Hatua zenyewe ni za kiungwana. Nyeupe husogeza askari d4 na c4, kisha g3, na askofu hukaa g2 akiutazama ulalo mrefu: e4, d5, c6, b7, mpaka ngome iliyoko a8. Haonekani kufanya kazi yoyote. Lakini askofu wa Nyeusi aliyeko c8, ambaye tayari askari wake mwenyewe wa e6 amemfungia njia, akitoka tu b7 inabaki bila mlinzi. Basi hukaa nyumbani, na ngome ya pembeni hukaa naye.

Uzuri huo una gharama yake, na mashabiki wa Katalani huitaja kwa sauti ya chini. Askofu aliyekwenda g2 ndiye ambaye angebaki f1 angemtetea askari wa c4. Nyeusi inaweza kumla. Katika drafti kula ni lazima. Katika sataranji ni hiari, na ndiyo maana majuto yake ni makubwa zaidi.

Tuchukue mchezo wa nne wa kuwania ubingwa wa dunia, Sofia, 2010. Topalov, akiwa Nyeusi dhidi ya Anand, alimla askari huyo katika hatua ya nne. Ili asinyang'anywe, ilimbidi asogeze a5, c6, kisha b5: nyumba nzima ikageuka walinzi wa kete moja. Anand hakuwa na haraka. Alisukuma e4, akasukuma d5, akaja kulidai deni katika hatua ya 19. Kufikia hapo farasi wawili wa Topalov walikuwa b4 na a6, na malkia naye muda si mrefu akasukumwa hadi a7. Mfalme alikuwa upande wa pili wa ubao, peke yake. Katika hatua ya 23 Anand alimtoa kafara farasi wake h6. Katika hatua ya 32 Topalov akasalimu amri. Kukopa harusi, kulipa matanga. Na huu ndio ufunguzi unaosemwa kuwa ni wa watu wapole.

Nyeusi yenye busara hula bila kung'ang'ania. Humwachia malkia wa Nyeupe aichukue c4, imfukuze kwa b5 ikiwa imeshatayarisha a6, askofu aende b7 kupinga ulalo uleule, kisha isukume c5. Hatua hiyo ya c5 ndiyo kiini cha ugomvi. Ikifanikiwa, Nyeusi imepumua. Ikizuiwa, askari wa c7 atakuwa mzigo hadi mwisho wa mchezo.

Kwa hiyo wengine wanaocheza Nyeupe huiziba njia mapema kwa a4, b5 isipatikane kabisa. Ni dawa kali. Askari hana hatua ya kurudi nyuma, na tundu linaloachwa b4 ni la kudumu. Mara nyingi farasi wa Nyeusi huhamia humo na kuishi bila kulipa kodi.