Maradhi ya Matumbo Yasiyokwisha, na Chakula Kimfaacho Mgonjwa

Kuhara ni jambo la kawaida katika nyumba zetu, na mara nyingi hupona kwa siku chache. Lakini yuko mtu ahara ye wiki nne, sita au zaidi, kinyesi kina damu na kamasi, tumbo humsokota, huamka usiku kwenda chooni, na mwili hukonda. Hapa Murera, katikati ya Ruiru na Thika, mtu wa namna hiyo huambiwa kwamba ana amiba, au homa ya matumbo, au vidonda vya tumbo. Hununua dawa dukani, hupata nafuu kidogo, kisha maradhi hurudi. Miaka hupita hivyo.

Pengine ni kweli ana amiba. Lakini pengine ana uvimbe wa kudumu wa matumbo, ambao hauambukizi, wala hauletwi na uchawi. Zile nguvu za mwili zinazopigana na vijidudu hugeuka na kuushambulia utumbo wenyewe. Uvimbe huu ni wa namna mbili. Wa kwanza huitwa kolaitisi ya vidonda, nao hushika utumbo mpana peke yake; Daktari Samuel Wilks wa London aliandika habari zake mwaka 1859. Wa pili huitwa ugonjwa wa Crohn, kwa jina la Daktari Burrill Crohn wa New York, aliyeueleza pamoja na wenzake wawili mwaka 1932. Huo waweza kushika mahali popote, tangu kinywani hata njia ya haja kubwa.

Zamani madaktari Hugh Trowell, aliyefanya kazi Kenya na Uganda, na Denis Burkitt, aliyekuwa Uganda, waliona kwamba maradhi mengi ya utumbo yaliyoenea Ulaya yalikuwa haba kwa Waafrika. Walifikiri sababu kubwa ni chakula: kule watu walikula unga uliokobolewa, na huku walikula nafaka nzima, maharagwe na mboga. Siku hizi madaktari wa Nairobi huwaona Waafrika wenye uvimbe huu, ingawa chakula peke yake si sababu. Urithi wa ukoo nao una sehemu yake.

Basi msomaji aweza kudhani kwamba dawa ni kula githeri kwa wingi. Sivyo. Ugonjwa huu una majira yake, hupanda na kutulia, na chakula lazima kiyafuate. Unapopanda, mahindi mazima na maganda ya maharagwe huweza kuzidisha maumivu. Na kama utumbo umekuwa mwembamba kwa makovu, huweza hata kuziba. Wakati huo mgonjwa na ale uji laini, wali, viazi vilivyopondwa, ndizi za kupikwa, mayai, samaki au kuku, kidogo kidogo mara nyingi kwa siku. Anywe maji safi kwa wingi, na ile chumvi ya pakiti itolewayo zahanati kwa wanaohara. Aepuke pombe, pilipili na chipsi zenye mafuta mengi. Mananasi ya Thika yangoje. Kahawa nayo huharakisha matumbo, ingawa si vema kusema hivyo karibu na mashamba ya Ruiru. Maziwa huwasumbua wengine, na baadhi yao huweza maziwa lala.

Ugonjwa ukitulia, arudie githeri na sukuma wiki polepole, zikiwa zimepikwa zikaiva sana. Wako wanaoogopa chakula milele, wakabaki na uji mtupu hata damu ikapungua mwilini. Wengine, hasa wenye kazi za matatu na za shamba ambako choo kiko mbali, hushinda na njaa kutwa ili wasiaibike. Hao hujidhoofisha bure. Afadhali kumweleza msimamizi habari yenyewe.

Chakula humsaidia mgonjwa, lakini hakiponyi. Mwenye kuacha dawa za hospitali kwa sababu amepata nafuu hukaribisha ugonjwa urudi. Na prednisoloni ikiachwa ghafla baada ya kutumiwa muda mrefu yaweza kuhatarisha maisha. Sigara huzidisha ugonjwa wa Crohn. Vidonge vya maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki, vinavyouzwa kila duka la dawa, huweza kuuamsha uvimbe. Mgonjwa amwulize daktari kwanza.

Liko jambo moja kubwa zaidi katika nchi yetu. Kifua kikuu hushika matumbo pia, na dalili zake hufanana sana na za Crohn. Dawa za Crohn hupunguza nguvu za mwili za kujilinda, hivyo zikipewa mtu mwenye kifua kikuu huweza kumwangamiza. Ndiyo maana daktari hupima kinyesi na damu, kisha hutazama utumbo kwa mpira wenye kamera na kukata kipande kidogo cha kuchunguza. Aanzaye Hospitali ya Thika au ya Ruiru aweza kupelekwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta kwa kipimo hicho. Aende na daftari alimoandika kila alichokula na jinsi tumbo lilivyokuwa. Chakula kinachomdhuru huyu hakimdhuru yule. Naye aliyeugua utumbo mpana kwa miaka minane hivi hutazamwa tena kwa kamera, hata kama hasikii maumivu, kwa kuwa saratani huweza kuanza hapo kimya kimya.